Zabibu za Ugogo na Shamba la Kaka

Kaka yangu mkubwa alipostaafu jeshini alirudi nyumbani Kampala akiwa na mambo mawili: kiinua mgongo chake na wazo ambalo halikumpa usingizi. Alikwisha kununua ekari tano huko Luweero, na mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba ekari moja ya zabibu huleta fedha kuliko ekari tatu za kahawa. Mtu huyo alimwonyesha hata chupa ya mvinyo mweupe iliyoandikwa Dodoma. Basi kaka aliposikia kwamba ofisi yetu inanituma Dodoma kwa mafunzo ya majuma matatu, alinijia usiku ule ule.

“Mdogo wangu,” alisema, “wewe ulisomea ualimu, wajua kuuliza maswali. Nenda ukaione nchi hiyo kwa macho yako, kisha uniambie kweli kabla sijatoa fedha.”

Nilisafiri kwa basi kupitia Masaka na Mutukula, tukavuka mto Kagera pale Kyaka, ambapo daraja la zamani lilivunjwa katika vita mwaka 1978. Migomba ilitusindikiza katika nchi yote ya Bukoba, hata nikadhani bado niko Buganda. Lakini tulipopita Kahama na Nzega migomba ilikwisha, na baada ya Singida nilianza kuona mawe makubwa, miiba, mibuyu na vumbi jekundu. Nilijiuliza moyoni: je, ni hapa ndipo patokapo mvinyo?

Ndugu msomaji, jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba joto silo linalotofautisha Dodoma na Kampala. Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma mita 1,100 hivi. Tofauti kubwa ni mvua. Kampala hupata kiasi cha milimita 1,200 kwa mwaka, katika misimu miwili. Dodoma hupata nusu ya hizo, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo mkavu.

Ukame huo umewatesa wenyeji kwa vizazi vingi. Wagogo hawajasahau njaa waliyoiita Mtunya, iliyoanzia katika Vita Kuu ya Kwanza ikaendelea hadi karibu mwaka 1920. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua nafaka, ng’ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu, na watu wakafa kwa maelfu. Sisi wa jamaa za askari yafaa tuyajue hayo.

Lakini ardhi iliyomnyima mtu mahindi ilimfaa mzabibu. Katika miaka ya 1950 mapadri wa misheni ya Kikatoliki ya Bihawana walipanda mizabibu ili wapate divai ya misa. Ikastawi, na wanavijiji wakafuata. Baadaye kilimo hicho kilipata kituo chake cha utafiti huko Makutupora, na viwanda vikajengwa, mathalani kile cha CETAWICO huko Hombolo.

Siku moja ya mapumziko, mwenzetu mmoja katika mafunzo alinipeleka Hombolo kwa shangazi yake, mama mwenye ekari mbili za mizabibu. Nilijaribu kumwamkia kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” akacheka sana, kisha akanichukua shambani. Mizabibu ilisimama mistari mistari, imetandazwa juu ya nguzo na waya. Udongo ulikuwa wa kichanga, nami nilipouchota ulimwagika vidoleni kama unga.

“Mzabibu hauogopi jua,” aliniambia. “Unaogopa kulala na majani mabichi kwa maji.”

Alinionyesha jani lenye madoa, lililobaki tangu masika. Jani likikaa na maji, ukungu huota, ndio ule ugonjwa waitao ubwiri. Usipopiga dawa kwa wakati, kishada chote huharibika. Kwa kuwa Dodoma haina baridi kali ya kuulaza mti, mkulima huupogolea ili uchipue upya, na miezi minne hivi baadaye huvuna. Hivyo hupata mavuno mawili kwa mwaka: moja katika masika, mwezi Machi au karibu yake, na jingine wakati wa kiangazi, kama Agosti na Septemba. Haya ya kiangazi ndiyo yenye magonjwa machache na utamu mwingi.

Zabibu nyeupe alizopanda mama yule huitwa Chenin Blanc. Asili yake ni bonde la mto Loire huko Ufaransa, na hata Afrika ya Kusini imelimwa kwa wingi kwa miaka mingi. Sifa yake ni kwamba haipotezi ukali wake upesi hata katika nchi ya joto. Wavunaji huanza kabla jua halijawa kali, wakikata vishada kwa mikasi, kwani zabibu iliyopata joto kreti nzima huanza kuchacha njiani.

Kiwandani zabibu nyeupe hukamuliwa mara moja na maganda kuondolewa. Za mvinyo mwekundu huachwa zichachuke pamoja na maganda yake. Maji yake, ambayo watu wa Dodoma huyaita mchuzi wa zabibu, hutiwa hamira na kuwekwa katika matangi yenye ubaridi. Hamira hula sukari na kuigeuza kileo. Ikisimamishwa mapema, mvinyo hubaki mtamu. Ikiachwa hata sukari ikaisha, hupatikana ule uitwao mkavu. Msomaji asistaajabu kitu cha maji kuitwa kikavu: maana yake ni kwamba haukubaki na sukari. Nilionja funda moja. Ulikuwa mkali kidogo kama limau, wenye harufu ya tufaha bichi, nao uliniacha kinywa kisafi. Lakini kileo chake hufika kama asilimia 12, kupita bia nyingi mara mbili, kwa hiyo si kinywaji cha kuzima kiu.

Tulipokuwa tukinywa chai nilimwuliza mama yule habari ya mapato. Alinyamaza kidogo.

“Mahindi yana ghala,” akasema. “Zabibu haina ghala.”

Alinieleza kwamba msimu mmoja zabibu za kijiji ziliiva kwa pamoja, na matangi ya wanunuzi yakajaa. Aliambiwa asubiri. Siku ya nne nyuki na nyigu walikuwa wamekwisha kufika, na nusu ya mavuno aliyauza kwa bei ya kutupa. Fedha aliyotarajia kulipia karo ya bintiye wa mwisho haikupatikana, na mtoto akakaa nyumbani muhula mzima. Tangu hapo hujiunga na majirani kukamua wenyewe na kuuza mchuzi, kwa sababu mchuzi uliohifadhiwa vema humngoja mnunuzi, wala hauozi juu ya mti.

Nilirudi Kampala na jibu la kaka. Nilimwambia hivi: “Kaka, mvinyo wa Dodoma ni mzuri, na aliyekuambia hakusema uongo. Lakini alikuonyesha chupa, hakukuonyesha ardhi. Wao wana miezi saba ya ukavu. Luweero ina mvua mara mbili kwa mwaka, na fedha yako ingekwisha katika dawa ya ukungu. Tena mzabibu hauzai vema kabla ya mwaka wa pili, na siku utakapozaa, ni nani Luweero mwenye tangi la kupokea tani za zabibu siku hiyo hiyo?”

Alikaa kimya muda mrefu, kwani si rahisi kuiacha ndoto uliyoilea kambini miaka mingi. Kisha akaniuliza, “Basi Luweero yenyewe yataka nini?” Nikamwambia hilo ndilo swali lililopaswa kuwa la kwanza. Luweero yajulikana kwa mananasi na kahawa, na ndizi za mbidde hazikosi mnunuzi wa kukamua tonto.

Kaka amepanda mananasi ekari mbili, na ametafuta mnunuzi kabla ya kutafuta miche. Karibu na ukuta wa nyumba amepanda mizabibu sita tu, chini ya dari ya mabati isinyeshewe, kwa ajili ya watoto.

Ndugu askari unayekaribia kustaafu, nawe mama unayeitunza fedha hiyo, kabla ya kununua mche wowote uulizeni udongo, uulizeni mvua, kisha mwulizeni mnunuzi. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu.