Saa Moja na Dakika Ishirini

Bibi yangu alifariki Magu, mkoani Mwanza, mapema mwaka 1998, nasi tukiishi Temeke, Dar es Salaam. Baba alipigiwa simu ofisini Jumanne. Alifika Magu Ijumaa jioni, mama yake akiwa ameshazikwa tangu juzi yake.

Barabara ya kati, ile ya Dodoma na Singida, ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa zimeiharibu vibaya, reli nayo pia. Kwa hiyo Baba alihangaikia hati ya kusafiria, akapanda basi la Arusha, akavuka Namanga, akalala njiani Nairobi, akarudi Tanzania kwa mlango wa Sirari na kuteremkia Magu. Wanangu nikiwasimulia hawaelewi: mtu anatoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, anagongewa mihuri ya Kenya!

Reli ilipokuwa nzima tulipanda treni. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Unanunua kuku Saranda na asali Tabora, na hapo Tabora mabehewa yanagawanywa, mengine Kigoma, mengine Mwanza. Niliipenda sana safari ile, lakini nilikuwa mtoto, sikuwa na msiba unaonisubiri.

Ndege zilikuwepo. Kwa anga, kutoka uwanja hadi uwanja ni kama kilomita 850 tu, ila kwetu nauli ilikuwa habari ya wakubwa. Lami ya barabara ya kati ilipokamilika, basi likawa linafika kwa siku moja ndefu. Kisha Novemba 2012 shirika la ndege la Fastjet likaanza kwenda Mwanza, nauli ya chini kabisa ikitangazwa shilingi 32,000 kabla ya kodi. Ukiwahi kukata tiketi, ilikaribia nauli ya basi. Nakumbuka abiria wa siku zile: kina mama wa vitenge wakiulizana mkanda unafungwaje, wazee waliovaa makoti ya harusi.

Baba mdogo alipofariki mwaka 2014, nilimkatia Baba tiketi usiku uleule. Tuliruka alfajiri. Ndege za pangaboi huchukua karibu saa mbili, ile ya jeti ilituchukua saa moja na dakika ishirini. Baba alikaa dirishani, hakusema neno mpaka ziwa lilipotokea na mawe ya Mwanza yakaonekana chini ya bawa. “Tayari?” akauliza.

Magu tulikuta wanaume ndiyo kwanza wanachimba kaburi. Kabla hajaenda kuketi nao, Baba alipita kwenye kaburi la Bibi, lililokuwa limeshajengewa saruji. Nilisimama nyuma yake. Akatazama saa mkononi.

“Tumetoka Dar saa ngapi, mwanangu?”

“Saa kumi na mbili, Baba.”

Ilikuwa saa nne kasoro robo.