Kijana Haji Peke Yake



Leo tungependa kuzungumza na familia zetu juu ya jambo la riziki. Kila vyuo vinapofunga, Mombasa hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Hupanda ngazi za mabenki, husimama kwenye malango ya mahoteli na ya bandari, na jioni hurudi na bahasha zilezile. Na katika mitaa hiyohiyo wako waliofungua kampuni ndogo, nao wanalalamika kwamba hawapati wa kufanya nao kazi. Inakuwaje wenye haja hawa wawili wakapishana njia moja wasisalimiane?

Swali hili lilitufikia mlangoni mwaka jana. Vijana watatu wa mtaa wetu walikuja baada ya sala ya Isha. Wao hutengeneza programu za kompyuta za kuhesabia bidhaa madukani, na ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Walikuwa wamebandika tangazo chuoni kwa miezi miwili. Wanafunzi wanne walikuja, na hakuna aliyemaliza wiki ya pili. Wakatuomba tuwanasihi vijana msikitini wasidharau kampuni changa. Tuliomba kwanza tulione tangazo lenyewe. Lilisifu nafasi adhimu kwa wenye ari, na likaahidi malipo mazuri kulingana na ujuzi. Shilingi ngapi, halikusema. Kazi gani, kwa saa ngapi na kwa muda gani, halikusema. Maneno yalikuwa mengi, habari hamna.

Kabla ya kunasihi tuliona bora tusikilize. Sisi tulikaa na wavulana kwenye baraza ya msikiti, na watu wa nyumbani kwetu wakazungumza na wasichana. Yaliyosemwa ni matatu. La kwanza ni malipo: wengi wamefanya atachimenti miezi mitatu bila hata nauli, na wanajua kwamba mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo deni la HELB litaanza kudaiwa. La pili ni elimu: wamewahi kupokewa kwa maneno matamu, kisha wakapewa birika la chai na karatasi za kutoa nakala. La tatu lilikuwa la wasichana. "Nitamwambia nini mama?" aliuliza mmoja wao. "Chumba kimoja, wanaume watatu, na saa ya kurudi nyumbani haijulikani."

Hapo tuliikumbuka habari ya Nabii Musa (a.s.) katika Surat al-Qasas. Alikuwa amelelewa katika jumba la Firauni, kisha akafika Madyan mgeni, hana kazi wala makao. Aliwanyweshea mifugo mabinti wawili, na baba yao akatuma aitwe alipwe ujira wa kazi hiyo aliyokwisha kuifanya. Ni mmoja wa mabinti hao aliyependekeza aajiriwe, akataja sababu mbili: nguvu na uaminifu. Mzee naye hakuficha neno. Alitaja muda, miaka minane, na kumi ikiwa Musa atapenda mwenyewe. Alitaja atakachompa, na akamhakikishia kwamba hakusudii kumtaabisha. Tuangalie basi. Nyumba ile ilikuwa ndogo, haina fahari ya jumba la Firauni, na bado ilimpata mfanyakazi bora. Ilimpata kwa kulipa mapema na kusema wazi, na mlango wa kazi ile ulifunguliwa na kauli ya mwanamke.

Mafakihi walipoandika juu ya ijara walishikilia jambo hilohilo: kazi ijulikane na ujira ujulikane, kwani utata huharibu mkataba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili, na miezi mitatu kwa mama aliyejifungua. Udogo wa kampuni si udhuru wa kuyakwepa hayo.

Tuliwashauri vijana wetu waandike tangazo upya. Wakataja shilingi kamili, ingawa hazikuwa nyingi, na siku ya kulipa. Nauli itolewe kila wiki, maana anayetoka Likoni au Kisauni hawezi kungoja mwisho wa mwezi. Kazi ya mwezi wa kwanza ikatajwa: kutengeneza sehemu ya risiti kwa duka moja la dawa, chini ya msimamizi atakayetia sahihi kitabu cha mwanafunzi kila Ijumaa. Wakaandika kwamba kazi hukoma saa kumi na moja jioni, ili kila mtu afike kwake kabla ya Magharibi. Dada wa mmoja wao, aliyekuwa akishika hesabu akiwa nyumbani, akahamia ofisini. Mwisho wakaandika lile walilolihofu zaidi: kwamba mtaji wao unatosha miezi minane, na baada ya hapo watategemea wateja.

"Sheikh, si tutawafukuza?" waliuliza. Tukawajibu kwamba anayeukimbia ukweli leo ni nafuu kuliko atakayeukimbia uongo kesho, kazi ikiwa nusu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kisha wakawaalika wazazi alasiri moja. Walikuja akina mama watano. Mmoja wao alitazama pa kutilia udhu na pa kusalia, akauliza siku ya malipo, akauliza ni nani hubaki wa mwisho ofisini. Hakuuliza habari za viti wala mazulia. Wiki iliyofuata binti yake alianza kazi. Hawakuja wengi: watatu walianza, mmoja akaondoka, wawili wapo hadi leo, na duka lile la dawa linatoa risiti kwa programu aliyoitengeneza binti huyo.

Hapa tuna neno na wazazi. Chuo kikuu cha kiufundi kilichoko Tudor kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, kwa michango ya akina Aga Khan na Sultani wa Zanzibar, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi wa mkono na wa akili. Wazee wale walikusudia kazi, hawakukusudia vyeti vya kutundika ukutani. Lakini leo kijana akitaja kampuni ya watu watatu, nyumbani huulizwa, "Umesoma miaka yote hiyo ukakae juu ya duka?" Na wakala akija kumtaka binti huyohuyo avuke bahari akatumikie nyumba ya watu Ghuba, mara nyingi pasipoti hutafutwa kabla mkataba haujasomwa. Safari ya halali hatuipingi. Tunaloomba ni kwamba maswali yawe mamoja kwa wote wawili, wa mtaani na wa ng'ambo: Atalipwa kiasi gani, na lini? Atajifunza nini? Yuko na nani? Atarudi saa ngapi? Mambo yakiharibika, nani atajibu?

Anayeyajibu kwa maandishi, mpeni mwana wenu na dua zenu, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja. Asiyeyajibu, mwacheni aende zake, hata kama jengo lake lina ghorofa kumi. Nanyi wenye kampuni changa, jueni kwamba katika pwani yetu kijana haji peke yake. Nyuma yake yuko mama, na yeye ndiye wa kwanza kuridhishwa.

Wabillahi tawfiq.