Kiesperanto Ni Rahisi, Shida Ni Kukosa Wa Kuongea Naye

Wasee, ukisema hapa Kiwanjani unajifunza Kiesperanto, swali la kwanza ni, "Hiyo ni ya watu gani?" Si ya kabila lolote, na hiyo ndiyo maana yake. Iliundwa na daktari wa macho, L. L. Zamenhof, akaichapisha Warsaw mwaka 1887. Alizaliwa Białystok, mji ambao Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani waliishi pamoja bila kuaminiana, kila mmoja na lugha yake. Mtu wa Isiolo anaelewa haraka. Hapa ukifungua mdomo tu, watu washajua kama wewe ni Mborana, Msomali, Mturkana ama Mmeru.

Mwanzo ni mteremko. Vokali ni tano zetu zilezile, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Sisi tuna funga na fungua, wao wana fermi na malfermi.

Kisha inakuja -n. Anayetendwa lazima aivae: mi amas vin, nakupenda. Sisi huyo "wewe" tunamficha ndani ya kitenzi, kwa hivyo -n inatutoroka kila siku. Jaribu pia kutamka scii, yaani kujua, bila kuingiza vokali katikati. Mizizi mingi imetoka Ulaya, na kozi niliyopata kwa simu inafundisha kwa Kiingereza. Lugha ya kutuweka sawa, lakini Mzungu ameanza mbio akiwa mbele. Lazima isemwe.

Bado sarufi si ndiyo mlima. Mlima ni kukosa mtu wa kukucheka. Kiborana nilikishika dukani, wamama wakinirekebisha huku wakicheka, mpaka maneno yakakaa. Kiesperanto naongea na ukuta, na ukuta haukusahihishi.

Jamaa wananiambia, "Uliacha chuo, sasa unasoma lugha haina kazi." Sawa, haina mshahara. Lakini Agosti 2024 kongamano lao la dunia, la 109, lilifanyika Arusha, mara ya kwanza Afrika. Arusha, hapo tu ukivuka Namanga! Kumbe watu wapo, tena wengine Kiswahili ndicho cha nyumbani.

Kwa hivyo ukitaka kuanza, usikimbilie sheria. Tafuta mtu mmoja kwanza, hata akiwa mbali, umwandikie "Saluton". Akikucheka, umeshaanza kujifunza.