Sitara ya Mama Siku ya Kipimo cha Kibofu



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, naandika haya kwa idhini ya mama yangu, mkaazi wa Bwera. Amesema huenda yakamfaa mama wa mwingine.

Mama alikojoa damu, akanyamaza. Alipotuambia, tulimpeleka hospitali moja apimwe kibofu kwa kamera, yaani mpira mwembamba wenye taa unaopitishwa njia ya mkojo. Pazia halikufungika, na vijana wa mafunzo walisimama pale bila yeye kuulizwa. Akavaa, akatoka. Ndani ya taksi akaniambia: "Mwanangu, bora nife na sitara yangu."

Baada ya miezi miwili damu ikarudi. Damu kwenye mkojo si jambo la kungojea, hata kama hakuna maumivu. Nikamkumbusha tulilofundishwa madrasa: dharura huruhusu, lakini hukadiriwa kwa kiasi chake. Hufunuliwa panapohitajika tu. Daktari mwanamke hutangulizwa. Asipopatikana, mwanamume hutibu, na mwanamke mwingine awepo.

Safari hii tulikwenda Kasese. Nilitangulia kwa nesi: "Dada, mama ana haya. Tunaomba mwanamke awe naye, afunikwe shuka, wanafunzi wasiingie bila idhini yake, na aelezwe kila hatua." Nesi hakushangaa. Akajibu: "Afadhali umesema mapema."

Daktari alikuwa mwanamume, na nesi alisimama kichwani kwa mama, amemshika mkono. Mtandio haukuvuliwa. Walipaka dawa ya ganzi, wakasubiri ishike. Maji yalipoingia kibofuni, mama alihisi mkojo umembana; akasema, "Ngoja kidogo, baba." Daktari akangoja. Dakika chache, kazi ikaisha. Lilionekana jiwe, nalo likatolewa baadaye. Alhamdulillah, leo mama mzima.

Nyumbani aliambiwa anywe maji mengi. Mkojo ungewasha siku moja au mbili. Ila akipata homa, akishindwa kukojoa au damu ikizidi, arudi upesi.

Ndugu zangu, haya ni katika imani, lakini isitufunge mdomo. Tuwaulize wazee wetu wanataka nini, tukaseme kabla hawajalazwa kitandani. Nanyi wanafunzi mnaosomea uuguzi na udaktari, ombeni idhini kwanza. Yule aliyelala pale ni mama wa mtu.

Wabillahi tawfiq.