Silabi ya Bibi

Bibi alianza kila hadithi kwa neno moja: "Mwanangu." Siku ya arubaini yake, tumejaa sebuleni nyumbani Mji wa Kale, nikawasha rekodi. Ikasema: "Nangu." Ya pili: "Nangu." Mama akanitazama. Wote walijua mimi ndiye niliyezihifadhi.

Nilikuwa nimejiandikia mfumo mdogo wa mafaili. Diski ilikuwa ndogo, na bibi hakuwa na haraka. Kati ya maneno alikunywa kahawa. Basi programu yangu ilitafuta vimya virefu, ikavifuta ili nafasi irudi.

Tatizo ni kwamba diski haigawi nafasi kwa baiti moja moja. Hugawa kwa bloku, na zangu zilikuwa za baiti 4,096. Tuseme kimya kinaanza baiti ya 5,000 na kuisha kabla ya 15,000. Bloku iliyo kimya kitupu ni moja tu, inayoanza 8,192. Mimi nilikadiria kuelekea nje: mwanzo nikaushusha hadi 4,096, mwisho nikaupandisha hadi 16,384. Bloku tatu zikaenda, pamoja na baiti 904 za sauti upande huu na 1,384 upande ule. Sekunde moja ya rekodi zile ni baiti 32,000. Kwa hivyo bloku nzima ni kama thumuni ya sekunde. Ni kidogo, lakini silabi yaingia humo.

Mjomba, fundi wa nyumba za mtaani kwetu, alinielewa upesi kuliko nilivyotarajia. "Paa likivuja, ziba mpaka kwa jirani. Lakini ukibomoa, ukuta wa shirika usiuguse."

Ndiyo kanuni yenyewe: ukisoma, panua, ukifuta, finya. Nilibadilisha mistari miwili, mwanzo upande, mwisho ushuke. Kisha nikaongeza wa tatu. Kimya cha 5,000 hadi 7,000 kingeanza 8,192 na kuisha 4,096, yaani urefu hasi. Na kompyuta isiyojua hasi huisoma hesabu hiyo kama namba kubwa ajabu, ikafuta mpaka mwisho wa faili. Sasa, mwanzo ukifika au kupita mwisho, programu haifuti kitu.

Rekodi mpya ziko salama. Za bibi hazikurudi. Sikuwa na nakala nyingine.

Mama bado huzisikiliza jioni. Kabla ya kubonyeza, husema mwenyewe, polepole: "Mwa."