Mashine Ikishuka Yenyewe, Usikimbilie Pampu

Ndugu mfugaji, leo nakueleza kosa langu mwenyewe ili lisije likakugharimu na wewe.

Kikundi kimoja cha wafugaji ninachokihudumia kina trekta lenye mashine ya kufyekea nyasi. Masika yakiisha, hukata nyasi na kuzikausha kwa ajili ya kiangazi. Msimu mmoja mashine ilianza kushuka yenyewe. Dereva akiinyanyua inapanda vizuri, lakini akizima injini na kwenda kunywa chai, akirudi anaikuta imelala chini. Wakaniuliza. Nikajibu kwa kujiamini: "Pampu imekufa." Wakauza mtamba, wakanunua pampu. Mashine ikaendelea kushuka.

Tukaipeleka kwa fundi mmoja hapa Mabatini. Kabla ya kushika spana aliniuliza: "Afisa, injini ikizimwa pampu inafanya kazi?" Nikasema hapana. "Sasa inahusikaje na kushuka huko?" Sikuwa na jibu.

Pampu kazi yake ni kusukuma mafuta. Ikichoka, mashine hupanda kwa shida au haipandi kabisa. Kinachozuia mafuta yasirudi baada ya kunyanyua ni valvu, pamoja na sili za silinda. Alipofungua valvu tulikuta chembe ya mchanga na oringi moja iliyochanika.

Basi yako ikianza hivyo, fuata haya:

1. Shusha mashine hadi chini, zima injini, toa ufunguo. Kisha sogeza kishikio cha haidroliki mbele na nyuma mara kadhaa ili presha iliyobaki itoke. Kamwe usiingie chini ya mashine iliyoshikiliwa na haidroliki peke yake. Kama ni lazima iwe juu, iwekee magogo au stendi imara.

2. Usitafute tundu la mpira wa haidroliki kwa kidole. Mafuta yenye presha hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo, lakini mkono unaweza kukatwa. Tumia kipande cha kadibodi. Yakikupenya, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama huumwi.

3. Osha valvu kwa nje kabla ya kulegeza nati hata moja. Fanyia kazi mahali pasipo na vumbi, si barabarani.

4. Piga picha kwa simu kila hatua. Chuma kinachoteleza ndani kichomoe polepole, bila kukipinda, na kirudi kwenye tundu lake lile lile. Vyuma hivyo vimechongwa kwa kulingana, havibadilishani.

5. Osha kwa dizeli safi, kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Usipige msasa. Kikiwa na mikwaruzo mirefu, badilisha valvu nzima.

6. Weka oringi mpya za haidroliki zenye kipimo kile kile, uzipake mafuta kwanza. Usikate mpira wa tyubu. Badilisha na chujio, na kama mafuta yamechafuka, yamwage uweke mapya.

Ikiendelea kushuka baada ya hapo, mwambie fundi apime silinda. Koki inayohimili presha ya mfumo wako ifungwe kati ya valvu na silinda. Mashine inyanyuliwe, watu wakae mbali, koki ifungwe. Ikishuka bado, sili za silinda zimekwisha. Ikisimama, rudi kwenye valvu.

Kazi hii si ya kila mtu. Kama hujawahi kuifanya, mpe fundi, lakini simama karibu uone anachotoa na anachorudisha.

Nilirudi kwa wale wafugaji nikawaambia ukweli. Walinisamehe, ila mtamba hakurudi. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu mashine, swali langu la kwanza ni hili: inakataa kupanda, au inakataa kukaa juu? Jiulize hivyo kabla hujafungua zizi kutoa mfugo wa kuuza.