Mlimani City: Ardhi ya Chuo Ilivyogeuka Soko

Eneo la maduka la Mlimani City, kando ya Barabara ya Sam Nujoma jijini Dar es Salaam, limejengwa juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia mlimani mwaka 1964 na kupata eneo kubwa kuliko kilivyohitaji wakati huo. Upande wa chini, kati ya Mwenge na Ubungo, ulikaa miaka mingi bila kuendelezwa. Waliosoma hapo zamani wanaukumbuka kama mahali pa kupita tu. Mwanafunzi aliyetaka sufuria, shuka au redio alipanda basi kwenda Kariakoo, akapatana bei akiwa amesimama juani.

Ufukara wa vyuo ndio ulioifanya ardhi hiyo ionekane. Ruzuku ya serikali ilipozidi kupungua, Chuo kikaanza mwaka 1994 mpango wa mageuzi, wakati Profesa Matthew Luhanga akiwa Makamu Mkuu, na kutafuta mapato yake chenyewe likawa jambo la lazima. Fedha hazikuwapo, ardhi ilikuwapo, tena penye barabara kuu.

Kuiuza, hata hivyo, hakukuwezekana kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Umilikaji wa ardhi wa kudumu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa muda. Asiye raia huipata kwa ajili ya uwekezaji peke yake. Kinachoitwa mitaani “kuuza kiwanja” ni kuhamisha haki hiyo. Kwa hiyo Chuo kilipangisha. Mwaka 2004 kiliingia mkataba wa miaka 50 na kampuni ya mwekezaji kutoka Botswana: Chuo kilitoa ardhi, mwekezaji akatoa mtaji na ujenzi, na Chuo kikawa kinalipwa asilimia 10 ya mapato ghafi. Neno “ghafi” ndilo lenye uzito kuliko hata hiyo asilimia. Mgawo ukikokotolewa kwenye faida, mwenye ardhi hubaki akisubiri hesabu za gharama ambazo yeye hazisimamii, na gharama hazikosi kuongezeka.

Maduka yalifunguliwa mwaka 2006, Shoprite na Game za Afrika Kusini zikiwa wapangaji wakubwa. Bei zilibandikwa, toroli zikasukumwa, na familia nyingi zilikwenda Jumamosi bila nia ya kununua chochote, kupunga kipupwe na kulamba aiskrimu. Watoto wa Sinza na Mwenge walikua wakiona hilo ni jambo la kawaida. Kariakoo haikufa, wala haikukaribia kufa. Baadhi ya wenye maduka ya nguo Mlimani City walikuwa wakijaza mzigo wao huko huko.

Wapangaji hao hawakudumu kama ilivyotarajiwa. Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014; Nakumatt nayo ikaelemewa na madeni, na nafasi yake ikachukuliwa na Shoppers, supamaketi ya hapa hapa Dar es Salaam. Baadaye Game pia ikafunga. Kama ardhi hiyo ingekabidhiwa muuzaji mmoja wa rejareja, kuanguka kwake kungeacha ghala tupu na kesi mahakamani. Kwa kuwa waliondoka wapangaji tu, kodi ya pango iliendelea kulipwa na waliowafuata.

Mkataba wenyewe haukukosa maswali. Ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ulibaini kwamba hoteli na bustani ya mimea, vilivyokuwa sehemu ya makubaliano, havikuwa vimejengwa, na suala hilo likafika mbele ya kamati ya Bunge inayosimamia hesabu za umma.